Mlima wa Potosí na Jina la Ushirika

SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA WA VYAMA VYA MSINGI

Utangulizi



Katika masomo yaliyotangulia tumeeleza utunzaji wa daftari, upimaji wa mazao na namna ya kuisoma mizania. Somo la safari hii litatupeleka mbali, hadi mji wa Potosí ulioko katika milima ya Bolivia, Amerika ya Kusini. Mji huo haulimi kahawa wala pamba. Watu wake wamechimba madini kwa karibu miaka 500. Hata hivyo unatuhusu. Hivi leo wengi wa wachimbaji wake wanafanya kazi chini ya vyama vya ushirika, na historia yao inatufundisha jambo ambalo kila katibu anapaswa kulishika: kwamba neno jema linaweza kubaki na sura yake ile ile, huku ndani yake pamewekwa kitu kingine.

Inafaa somo hili lisomwe kwa sauti katika kikundi, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya mkutano mkuu.

1. Mji na mlima wake

Potosí umejengwa mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 4,000. Wenzetu waliowahi kupanda Kilimanjaro wataelewa maana yake: mji mzima, wenye masoko, shule na makanisa, umekaa juu zaidi ya kituo cha Horombo. Nyuma ya mji unasimama mlima mwekundu wenye umbo la pia. Wahispania waliuita Cerro Rico, yaani Mlima wa Utajiri. Wakechua, ambao ni wenyeji wa nchi hiyo pamoja na Waaimara, huuita Sumaq Urqu, yaani Mlima Mzuri. Kilele chake kinafikia karibu mita 4,800.

Wenyeji walijua kuyeyusha fedha kabla ya mgeni yeyote kufika. Matope yaliyochimbwa chini ya ziwa mojawapo la eneo hilo yanaonyesha dalili za kazi hiyo karne kadhaa kabla ya utawala wa Wainka, na Wainka wenyewe walichimba fedha huko Porco, si mbali na Potosí. Mwaka 1545, kwa mujibu wa mapokeo, mwenyeji aitwaye Diego Huallpa aliigundua fedha ya Cerro Rico, na habari zikawafikia Wahispania. Mji uliota hapo kwa haraka ya ajabu. Mwanzoni mwa karne ya 17 ulihesabiwa kuwa na watu wapatao 160,000, ukawa mmoja wa miji mikubwa ya dunia ya wakati huo. Sarafu zake zilienea mabara yote. Hata neno letu la zamani, riale, asili yake ni jina la sarafu ya Wahispania, lililotufikia kwa njia ya Waarabu.

2. Kazi ya zamu kabla ya Wahispania

Wenyeji wa milima ile waliishi, na wengi bado wanaishi, katika jumuiya iitwayo ayllu. Ayllu ni ukoo na kijiji kwa pamoja. Ardhi ni ya jumuiya, kila kaya hupewa sehemu ya kulima, na mambo makubwa huamuliwa kwa pamoja chini ya kiongozi aitwaye kuraka.

Katika ayllu kulikuwa na aina tatu za kusaidiana. Ya kwanza ni ayni: leo wewe wanisaidia kuvuna, kesho mimi nitakusaidia kujenga, na deni hilo hukumbukwa. Ya pili ni minka, ambayo ni kazi ya watu wengi kwa manufaa ya wote, kama kuchimba mfereji. Ya tatu ni mit'a, maana yake zamu. Msomaji asiichanganye na mita ya kupimia urefu. Katika mit'a kila kaya ilitoa mtu kwa zamu kufanya kazi ya jumuiya au ya mtawala, na kwa desturi aliyeitisha kazi alipaswa kuwalisha wafanyakazi na kuwatendea kwa ukarimu.

Mambo haya si mageni kwetu. Sisi tunao ujima; Wapare wanao msaragambo. Babu zetu hawakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba mfereji mmoja hauchimbwi na nyumba moja.

3. Neno jema lilivyogeuzwa

Kwa miaka kama 25 ya mwanzo, wenyeji walikuwa na sauti kubwa katika kazi ya Potosí. Mivukuto ya Wahispania haikufaulu kuyeyusha mawe ya mlima ule. Wenyeji walitumia tanuru dogo la udongo lenye matundu, liitwalo wayra, yaani upepo. Matanuru hayo yaliwekwa kwa maelfu kwenye miinuko, upepo wa milimani ukachochea moto. Aliyejua wayra ndiye aliyejua fedha, naye alibaki na sehemu ya mapato mkononi mwake.

Hali hiyo ilibadilika baada ya mwaka 1572, wakati wa Francisco de Toledo, mwakilishi wa Mfalme wa Hispania katika Peru. Mambo mawili yaliingizwa karibu wakati mmoja. La kwanza lilikuwa njia mpya ya kutenganisha fedha na mawe kwa kutumia zebaki kutoka Huancavelica, Peru. Njia hiyo ilihitaji vinu vya kusaga mawe vinavyozungushwa kwa maji, na mabwawa ya kuyahifadhi maji hayo. Mwenye mtaji akachukua nafasi ya mwenye ujuzi.

La pili lilikuwa kazi ya lazima. Toledo aliagiza kwamba mikoa kama 16 ya milimani itoe mmoja katika kila wanaume saba kwenda Potosí kwa mwaka mzima. Jumla yao ilikuwa kama watu 13,000 kila mwaka. Waliondoka na wake zao, watoto na wanyama wao wa mizigo, wengine wakitembea majuma mengi njiani. Kazi ilikuwa kupanda na mizigo ya mawe kutoka shimoni kwa ngazi za ngozi, na kusaga mawe penye vumbi na zebaki. Ujira ulikuwapo, ila ulikuwa mdogo kuliko ule wa kibarua wa hiari na haukutosha gharama za maisha ya mjini. Wazee wetu waliowaona manamba wa mashamba ya mkonge wataipata picha, isipokuwa hawa wa Potosí hawakusaini mkataba wowote.

Sasa tazameni jina alilolipa mpango huo. Aliuita mit'a. Aliliokota neno la wenyeji wenyewe, lenye heshima ya zamu na ya kulishana, akalivika mzigo wake. Makuraka, waliokuwa viongozi wa jumuiya, waliwajibishwa kukusanya watu na kuwafikisha. Idadi ikipungua, waliadhibiwa wao. Neno minka nalo halikunusurika: huko Potosí, minga likawa jina la kibarua wa kulipwa kwa siku.

Kwetu sisi wakaguzi kuna jambo jingine la kuangalia. Kadiri watu walivyopungua kwa maradhi na kwa kukimbia ayllu zao, idadi iliyoandikwa katika vitabu ilishindwa kutimia. Baadhi ya makuraka wakalipa fedha badala ya kupeleka watu, na baadhi ya wenye migodi wakazitia fedha hizo mfukoni bila kuchimba chochote. Wahispania wenyewe waliwaita watu hao wa karatasi kwa jina la kejeli: wenyeji wa mfukoni. Hivyo daftari lilikuwa na wafanyakazi ambao mgodini hawakuwapo, na huko kijijini kulikuwa na kaya zilizouza mifugo ili kulipia majina hayo. Mit'a ilidumu kwa zaidi ya miaka 200. Ilifutwa na Bunge la Hispania mwaka 1812, ikakomeshwa kabisa mwaka 1825 Simón Bolívar alipolitangaza jambo hilo katika nchi mpya.

4. Urithi ambao haukuzikwa

Isidhaniwe kwamba wenyeji walikuwa wa kuonewa tu. Walijenga mji ule kwa mikono yao, na waliacha alama yao humo. Mlango wa mawe wa kanisa la San Lorenzo, uliochongwa katika karne ya 18, una jua, mwezi, nyota, na nguva wanaopiga ala ya nyuzi. Katika Nyumba ya Sarafu, ambayo sasa ni makumbusho, kuna picha ya Bikira Maria ambayo vazi lake ndilo mlima wenyewe. Wengi huisoma picha hiyo kama kukutana kwa imani mbili, kwa kuwa Pachamama, mama ardhi, ni mwenye kuheshimiwa sana katika milima ile.

Chini ya ardhi, kila mgodi una sanamu ya udongo yenye pembe iitwayo Tío, yaani Mjomba. Juu ya ardhi mchimbaji huenda kanisani. Shimoni humpa Mjomba majani ya koka, sigara na kinywaji, kwa kuwa shimoni ndiye mwenye mali. Kwa nyakati maalumu huchinjwa lama na damu yake kupakwa mlangoni mwa mgodi. Mchimbaji hutafuna majani ya koka kuzuia njaa na uchovu, na ladha yake inapokwisha hujua kwamba muda wa kupumzika umefika. Lugha ya Kikechua inasikika sokoni na shimoni hadi leo.

Urithi mwingine unagusa zaidi somo letu. Katika karne ya 18 walikuwapo watu walioitwa kajcha. Siku za juma walifanya kazi za wengine. Usiku wa Jumamosi hadi alfajiri ya Jumatatu waliingia migodini kwa niaba yao wenyewe, wakachimba, wakasaga mawe katika vinu vidogo, wakauza. Wenye migodi waliwaita wezi. Wao walijibu kwa vitendo kwamba ujuzi na jasho vina haki yake. Wanaushirika wa Potosí huwahesabu makajcha kuwa babu zao.

5. Kutoka kampuni hadi ushirika

Fedha ilipopungua, bati likachukua nafasi yake mwishoni mwa karne ya 19. Migodi mikubwa ya nchi ikawa mikononi mwa matajiri watatu: Patiño, Hochschild na Aramayo. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1952 serikali iliitaifisha migodi yao tarehe 31 Oktoba mwaka huo, ikaiweka chini ya shirika la umma liitwalo COMIBOL. Pembeni yake vikundi vya makajcha viliendelea, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1958 ikavipa msingi.

Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika soko la dunia. Serikali ilikuwa imekwisha kuanza kubana matumizi, na zaidi ya wafanyakazi 20,000 wa COMIBOL walipoteza kazi. Wengi walihama. Waliobaki Potosí waliingia katika vyama vya ushirika, ambavyo hukodishiwa sehemu za mlima na shirika la umma, na ambavyo siku hizi huchimba zaidi zinki, risasi na fedha. Tuseme ukweli: pasipo vyama hivyo, mji ungelikosa chakula. Katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 inavitambua vyama vya ushirika kuwa sehemu ya sekta ya madini, pamoja na serikali na makampuni binafsi.

6. Mwanachama na asiye mwanachama

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha somo. Katika vyama vingi vya Cerro Rico, mwanachama hupewa mahali pake pa kuchimba. Anachochimba ni chake. Hukatwa asilimia fulani kwa ajili ya chama na ada nyingine. Mtaji, baruti na vifaa hujitafutia. Aliyebahatika kupata mshipa mzuri wa madini huajiri vibarua, na vibarua hao si wanachama. Hawana kura. Hawana sauti katika mkutano. Bei ikipanda wanaitwa. Ikishuka wanaambiwa warudi makwao. Wengi wanatoka katika ayllu za vijijini, zile zile zilizotoa watu wa mit'a, na miongoni mwao wamekuwapo vijana wadogo.

Nje ya mashimo kuna wanawake waitwao palliri, wengi wao wajane wa wachimbaji, wanaovunja na kuchambua mawe yaliyotupwa ili kupata mabaki ya madini. Ndani ya mashimo vumbi la mawe huingia mapafuni na kuyafanya magumu. Ugonjwa huo hauponi, na umewaua wachimbaji wengi kabla ya uzee.

Sisemi haya ili kuwahukumu wenzetu wa Bolivia. Umaskini ndio uliowapanga hivyo, na wapo miongoni mwao wanaopigania mabadiliko. Ninachosema ni kwamba katika mgodi mmoja wanaweza kuwapo watu wawili wanaotoka jasho lile lile, mmoja akiitwa mwanaushirika na mwingine kibarua wa mwanaushirika. Kanuni ya kwanza ya ushirika, kama ilivyothibitishwa tena mwaka 1995 na vyama vya dunia nzima, ni uanachama wa hiari ulio wazi kwa wote. Ya pili ni uongozi wa wanachama kwa njia ya demokrasia. Kanuni hizi zikikosekana, kinachobaki ni hati ya usajili na muhuri.

7. Mlima unaobomoka

Mlima wenyewe umechoka. Karibu karne tano za uchimbaji zimeufanya kama sega la asali, na mwaka 2011 sehemu ya kilele ilididimia na kuacha shimo kubwa. Shirika la UNESCO, lililouweka mji wa Potosí katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, liliuingiza pia katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014. Uchimbaji juu ya mita 4,400 umekatazwa, lakini ni vigumu kumwondoa mchimbaji pale ambapo riziki yake ipo na pengine haipo. Kila mmoja huchimba mahali pake. Kuulinda mlima kama kitu kimoja ni kazi ya wote, na kazi ya wote isipopewa mwenyewe hubaki bila wa kuifanya.

8. Yanayotuhusu sisi

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo pekee. Wazee wanakumbuka kwamba Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilivifanya vijiji vyetu kuwa vyama vya ushirika, na mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Mtu akawa mwanaushirika kwa sababu tu anaishi kijijini, bila kuomba wala kununua hisa. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama. Katika miaka ile neno ushirika lilitamkwa kila siku. Mwanachama wa kweli ndiye aliyekuwa haba.

Nami nina kosa langu la kukiri. Miaka michache iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja. Nilikuwa nimekikagua mwaka uliotangulia na kutia sahihi, kwa kuwa hesabu zilikuwa sawa hadi senti ya mwisho. Safari hii nilifika siku ya kupima kahawa. Mama mmoja akaleta magunia mawili; karani akapima na kuandika jina la mwanamume. Nikamwuliza:

"Mama, kahawa hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Bwana Mkaguzi. Lakini namba ni ya marehemu shemeji."

Alikuwa ameleta mazao kwa misimu tisa kwa namba ya mtu aliyekufa. Malipo ya kwanza alipewa na mpwa wa marehemu, baada ya kukatwa. Malipo ya pili hakuwahi kuyasikia. Katika mkutano mkuu hakuwahi kukaa, kwa sababu jina lake halikuwamo. Tulipolipitia daftari jina kwa jina tulikuta marehemu wengi, na nyuma ya kila marehemu alikuwapo mtu hai anayelima. Mimi niliyehakiki hesabu sikuwa nimehakiki watu. Wale wa Potosí waliwaita wenyeji wa mfukoni. Kwetu hatujawapa jina, ila wapo.

9. Kazi ya kufanya kabla ya mkutano mkuu

(a) Katibu alisome daftari la wanachama mbele ya kamati, jina kwa jina. Marehemu waainishwe, na warithi wao waitwe kwa maandishi.

(b) Karani wa mizani aandike jina la mwenye mazao. Akiwa si mwanachama, aandikwe katika orodha ya pekee na aelezwe namna ya kujiunga.

(c) Kiingilio na hisa visiwe ukuta. Masharti yakiruhusu, vikatwe kidogo kidogo kwenye mauzo.

(d) Vibarua wa chama, wakiwamo wa ghalani na kiwandani, walipwe kwa hati iliyosainiwa na mlipwaji mwenyewe.

(e) Taarifa ya mambo haya manne isomwe kwenye mkutano mkuu kabla ya kugawa bakaa.

Chama kitakachofanya kazi hii kitaona pengine idadi ya majina ikipungua. Kisione haya. Afadhali wanachama 200 walio hai kuliko 400 wa kwenye karatasi.

Yule mama sasa ana namba yake. Katika mkutano wa kwanza aliohudhuria hakusema neno. Alinyoosha mkono tu wakati wa kupiga kura, na karani akamhesabu.

Maswali ya kujadiliwa

1. Eleza tofauti kati ya mit'a ya ayllu na mit'a ya Toledo. Ni nini kilichobaki kama kilivyokuwa, na ni nini kilichoondolewa?

2. Makuraka walikuwa viongozi wa watu wao, wakawa wakusanyaji wa watu kwa ajili ya wengine. Kiongozi wa chama anaweza kujikuta katika hali kama hiyo kwa njia zipi?

3. Je, katika chama chetu wako watu wanaoleta mazao bila kuwa wanachama? Wanalipwa na nani?

4. Vyama vya Potosí vinashindwa kuulinda mlima kwa pamoja. Ni mali gani ya pamoja katika eneo letu, kama chanzo cha maji, barabara au kiwanda, ambayo haina mwenye kuitunza?

5. Ni lini mara ya mwisho daftari la wanachama lilisomwa jina kwa jina mbele ya mkutano?